Ardhi Iliyoitwa Tupu

Mshairi huijua hatari ya neno moja. Akikosea kina kimoja, ubeti wote huyumba. Akiliweka neno pasipo mahali pake, maana aliyoikusudia humkimbia ikaenda kukaa kwa mwingine. Watunga sheria nao wana kazi iyo hiyo ya kuchagua maneno, ila ubeti ulioharibika humwaibisha mtunzi wake tu, ilhali ibara ya sheria iliyopinda huweza kumtoa mtu katika ardhi yake, yeye na mifugo yake, akayaacha nyuma makaburi ya wazee wake. Katika makala haya nakusudia kumwonyesha msomaji namna neno moja dogo lilivyopita katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kwa muda wa zaidi ya nusu karne, na yale liliyoyatenda. Neno hilo ni "tupu".

Pengine msomaji wa visiwani atauliza: Mbulu na Hanang zina nini na sisi? Sheria za ardhi za Bara hazivuki bahari kuja Unguja na Pemba. Ardhi si jambo la Muungano, nasi tunayo historia yetu, tangu ardhi ilipotaifishwa mwaka 1964 na wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Jibu langu ni kwamba sisi watu wa pwani tunalijua tangu kale jambo ambalo sheria ya Bara imelisahau mara nyingi, nalo ni kuwa haki juu ya ardhi si kitu kimoja kisichogawika. Babu zetu walimiliki mikarafuu na minazi iliyosimama juu ya ardhi ya watu wengine. Mwenye mti alikuwa na mti wake, mwenye ardhi na ardhi yake, na mpita njia na njia yake. Tunaujua pia wakfu, mali isiyouzwa wala kurithiwa, inayotunzwa na mutawalli ambaye kuitunza kwake hakumfanyi kuwa mwenyewe. Aliyelelewa na mambo haya hawezi kustaajabu akimsikia mfugaji anasema kuwa mahali fulani ni pake, hata kama leo hayupo hapo.

Mimi sikusomea sheria, wala sikupita chuo chochote. Lugha nilizo nazo nilizipata kwa kusoma usiku baada ya kazi za mchana, na mashairi yalinifundisha kulipima neno kabla ya kulitumia. Kilichonifikisha Manyara ni tafsiri: niliombwa kukiweka katika Kiswahili chepesi kijitabu kinachoeleza haki za wanakijiji katika ardhi, nami nikasema sitaifanya kazi hiyo bila ya kuwaona wanaoandikiwa.

Nchi ile ni nzuri kuitazama. Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, umesimama peke yake juu ya mji wa Katesh. Kaskazini yake ni nyanda za juu za Mbulu, ambako Wairaqw wamelima milimani vizazi na vizazi, vishamba vikifuatana mpaka kwenye vilele. Magharibi ya Hanang ni nyanda za Basotu, nchi ya Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga. Na ukishuka upande wa Ziwa Eyasi unafika bonde la Yaeda, wanamokaa Wahadzabe, wawindaji na warina asali. Kwa mpenzi wa lugha, nchi hii ni hazina. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatoga ya Kinilotiki, majirani wao wa upande wa Singida husema lugha za Kibantu, na Kihadza kimesimama peke yake na vidoko vyake, hakina ndugu anayejulikana. Watu wa lugha hizi wakikutana mnadani au kwenye baraza la kijiji, husemezana kwa Kiswahili. Kwa hiyo neno la Kiswahili likipinda huko, huwapindia wote.

Naanza na Basotu. Wabarabaig wana majina mengi ya malisho, kila aina na jina lake na msimu wake. Nyanda zenye nyasi bora kuliko zote huziita muhajega. Hizo hulishwa kwa wakati wake, kisha ng'ombe huondolewa, wakapelekwa kando ya ziwa, au vilimani, au kwenye miti, ili nyasi zipumzike na kuota upya. Mgeni anayefika wakati wa mapumziko hayo haoni boma wala ng'ombe wala jembe. Huona nyasi na upepo, akasema: hapa patupu.

Hivyo ndivyo ilivyosemwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya sitini, nyanda zile zilichaguliwa kwa kilimo cha ngano, na tangu mwaka 1970 mpango huo ukawa na msaada wa Kanada: matrekta, mbegu, wataalamu na fedha. Shirika la serikali la kilimo na chakula, NAFCO, lilifungua mashamba saba, kila moja la ekari kama 10,000, yote pamoja zaidi ya ekari 70,000. Majina yao ni majina ya nchi ile ile: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret, Gidagamowd. Taifa lilihitaji mkate, na sitaki kuidharau haja hiyo. Lakini nyanda zilizolimwa ndizo zilizokuwa muhajega. Zilipotoka katika mzunguko, mzunguko wote ulikatika. Ng'ombe wakabanwa kwenye malisho yaliyobaki, nayo yakachakaa kwa kuwa hayakupata tena wakati wa kupumzika. Kisha wafugaji walionekana wakiharibu ardhi, wakalaumiwa kwa hilo pia.

Liliwauma zaidi jambo la makaburi. Mzee mwenye heshima akifa, Wabarabaig humjengea kilima cha udongo kiitwacho bung'ed, na ujenzi wake huwakusanya watu wa ukoo na majirani kwa siku nyingi. Vilima hivyo vilikuwa vimesimama katika nyanda zile, na matrekta yakavilima baadhi yake pamoja na nyasi. Nchi yenye makaburi haiwezi kuwa tupu. Lakini kaburi halimo katika orodha ya mazao, wala mpimaji hakuwa na alama yake katika ramani.

Karibu na Basotu nilikaa na mzee mmoja Mbarabaig chini ya mgunga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?"

"Natoka Unguja, mzee. Kisiwani."

"Huko kwenu mna ng'ombe?"

"Wapo, lakini wachache."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Wewe sasa uko hapa. Nyumba yako kule kisiwani, leo haina mwenyewe?"

Nikamwambia ina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.

"Na sisi tulikuwa tumepeleka ng'ombe majini," akasema. Hakuongeza neno.

Wabarabaig hawakunyamaza. Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na watu 67 walifungua kesi dhidi ya NAFCO, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Arusha iliwapa ushindi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani iliutengua. Ilisema kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria. Na kwa upande wa mtu mmoja mmoja, walalamikaji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji wa asili kwa maana ya sheria ya ardhi ya mwaka 1923, iliyorithiwa kwa Mwingereza. Msomaji alipime jambo hilo. Sheria ile ilitungwa na mkoloni, naye ndiye aliyeliweka humo neno "mwenyeji" kwa maana aliyoitaka yeye. Miaka zaidi ya ishirini baada ya uhuru, watu walitakiwa kulithibitisha neno hilo kabla ya kusikilizwa juu ya ardhi ya baba zao.

Sasa tupande Mbulu. Kijiji cha Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, kilikuwa wakati huo katika wilaya ya Mbulu. Leo kimo wilaya ya Karatu. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini watu walihamishwa na mashamba yakagawiwa upya, na wengi walipoteza walichokuwa nacho. Baba na mwanawe, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, walikwenda mahakamani Januari 1987 kudai shamba lao la kimila, wakashinda na kurudishiwa. Mwaka ule ule serikali ilitoa Tangazo Na. 88 lililofuta haki za kimila katika orodha ya vijiji vya mkoa wa Arusha, na Kambi ya Simba ilikuwamo katika orodha hiyo. Kisha Bunge likatunga Sheria Na. 22 ya mwaka 1992, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila katika vijiji vilivyoundwa, ikakataza fidia, ikazifungia mahakama mlango na kuzikatisha kesi zilizokuwa zikiendelea.

Baba na mwana hawakukubali. Waliipinga sheria yenyewe, kwa hoja kwamba inakiuka Katiba, na Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikatoa hukumu ambayo naiona kuwa miongoni mwa maandishi makubwa ya nchi yetu. Upande wa serikali ulitaka haki ya kimila ionekane kuwa ni kama ruhusa tu. Mahakama ilijibu kwamba hoja hiyo ikikubaliwa, wengi wa wakazi wa Tanzania Bara watakuwa hawana tofauti na wavamizi katika nchi yao wenyewe. Haki ya kimila, ikasema, ni mali, na mali inalindwa na Katiba. Mahakama haikuifuta sheria yote, lakini ilikataa isemwe kuwa mtu anaweza kunyang'anywa mali bila ya fidia ya haki na bila ya kusikilizwa. Ikaeleza pia kuwa Rais ameshika ardhi ya umma kwa amana, na mwenye kushika amana hawezi kuitumia kwa madhara ya wenyewe.

Hapa mtafsiri husimama kidogo. Kiswahili cha serikali humwita mshika amana huyo "mdhamini". Ni neno zuri, lakini mdhamini ni yule pia anayemtolea mtu dhamana mahakamani au benki, na yule anayelipia mashindano ya mpira. Ningekuwa nawatafsiria watu wa pwani peke yao, ningeandika "mutawalli", na kila mzee msikitini angeelewa kwamba mutawalli akiuza wakfu kwa faida yake amefanya khiyana. Watu wa Kambi ya Simba hawakuwa na neno hilo, lakini walikuwa na maana yake, nao walikwenda nayo mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi.

Hata hivyo, katika hukumu ile tukufu lile neno langu halikufutika. Mahakama iliegemea wazo alilolieleza Mwalimu Nyerere mwaka 1958, kuwa ardhi ni zawadi ya Mungu, na jasho la mtu anayeifyeka na kuitengeneza ndilo linalompa haki juu yake. Kwa hiyo palipo na juhudi ya mtu, pana fidia. Kwa mkulima wa Kambi ya Simba hilo latosha. Lakini juhudi ya Mbarabaig ni kuondoka kwa wakati wake, kuzuia mkono, kuiacha nyasi ikue. Ni jasho la kujizuia, na mizani iliyotengenezwa kwa kupima jembe haikuundwa kulipima.

Wakati huo Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, iliyoteuliwa mwaka 1991 chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji, mwana wa Kilosa, ilikuwa imeshatoa ripoti. Ilipendekeza miliki kuu ya ardhi ya vijiji iwe mikononi mwa wanakijiji wenyewe, isiwe kwa serikali. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Mwaka 1999 zilitungwa sheria mbili pacha, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001 pamoja na kanuni na fomu zake. Zilileta mambo makubwa. Hakimiliki ya kimila ilitangazwa kuwa sawa kwa hadhi na hati inayotolewa na serikali. Mila inayomnyima mwanamke ardhi ikatamkwa kuwa batili. Katika Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu saba, watatu wasipungue kuwa wanawake. Hati ya kimila ikaweza kuandikwa kwa jina la mtu, la familia, au la kikundi kizima.

Lakini nilipoziweka sheria hizo mbili mezani, neno kwa neno, niliona pacha hawa hawasemi lugha moja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inahesabu kuwa ardhi ya kijiji hata ile iliyopumzishwa, ile inayolishiwa ng'ombe, na njia zinazopitwa kwenda malishoni. Kana kwamba mwandishi wake aliwahi kukaa chini ya ule mgunga. Sheria ya Ardhi, iliyozaliwa siku moja nayo, ilipoeleza maana ya ardhi ya jumla, yaani ile iliyo chini ya Kamishna wa Ardhi, iliingiza humo na ardhi ya kijiji "isiyokaliwa au isiyotumika". Katika Sheria ya Vijiji maneno hayo hayamo. Ni maneno machache tu, lakini ndiyo "tupu" ile ile iliyorudi ikiwa imevaa kanzu mpya. Nani ataamua kuwa ardhi haitumiki, na atakwenda kuitazama mwezi gani? Tena, sheria inampa Rais uwezo wa kuihamisha ardhi ya kijiji kuwa ya jumla kwa manufaa ya umma. Ikiwa haizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, kauli ni ya Waziri, baada ya kuyapima mapendekezo ya kijiji. Shamba moja la ngano la Hanang lilikuwa na hekta kama 4,000.

Aliyelionja neno hilo kwa uchungu zaidi ni Mhadzabe. Mbarabaig ana boma na Mwiraqw ana shamba. Mhadzabe ana upinde, fimbo ya kuchimbia mizizi, na unyayo unaofutika mvua ikinyesha. Kwa macho ya sheria ya jembe, bonde la Yaeda ni tupu kuliko mahali pote. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji iliyohusishwa na familia ya kifalme kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu ilitaka kuwinda humo, kisha, baada ya malalamiko kusikika mbali, ikajiondoa. Yalipopita hayo, Wahadzabe na shirika la wenyeji liitwalo Ujamaa Community Resource Team walikigeukia kile kifungu cha kikundi. Oktoba 2011 Wahadzabe walipewa hati ya kimila kwa pamoja, kwa zaidi ya hekta 20,000 wilayani Mbulu. Watu wasiolima wala kufuga wakaandikwa kuwa wenye ardhi kwa sababu wanaitumia kwa namna yao. Edward Loure wa shirika hilo alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi ya hati za namna hiyo. Misitu waliyoilinda Wahadzabe imeanza kuwaletea malipo ya hewa ukaa, na mwaka 2019 wakatunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Nisieleweke kuwa naiabudu karatasi. Hati huhitaji mipaka iliyokubaliwa, mpango wa matumizi ya ardhi, mpimaji, saini za mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, na usajili wilayani. Hayo yote yana gharama na safari. Mpaka unaomlinda Mhadzabe waweza kumzuia mfugaji aliyekuwa akipita kwenda majini. Katika milima ya Mbulu, ambako vishamba vimegawanywa mpaka havigawanyiki tena, swali la kwanza ni jina la nani litaandikwa: la mume peke yake, au na la mke? Sheria inaruhusu yote mawili, na nilimsikia mama mmoja mjane akisema kwa upole kuwa sheria hiyo ni njema, ila haijafika kwa shemeji zake.

Mashamba ya ngano nayo yalikuja kubadilika. NAFCO ilipovunjwa, baadhi ya ardhi iligawiwa wananchi na nyingine ikaenda kwa wawekezaji. Lakini vizazi viwili vilikuwa vimepita, na Wabarabaig wengi walikwishaondoka na ng'ombe wao kutafuta nyasi mbali. Msomaji wa mwambao amekwisha kuwaona, pengine bila ya kujua. Ni hao wanaoitwa Wamang'ati huko Kilosa, Rufiji na Lindi, wenye mashuka na fimbo, wanaogombana na wakulima kwa ng'ombe kuingia mashambani. Hata jina hilo si lao. Ni neno la Kimaasai, maana yake maadui. Mkulima wa Rufiji ana haki ya kuulilia mpunga wake, wala sitamwambia anyamaze. Namwomba tu ajue kwamba ng'ombe wale hawakuja kwa kupenda bahari. Ugomvi wa bondeni kwake ulianza kule juu, siku nyasi zilizopumzika zilipoitwa nchi isiyo na mtu.

Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni jambo la furaha kwa kila apendaye lugha hii, lakini pia ni mzigo uliowekwa mabegani mwetu sisi tunaoishi kwa maneno. Zamani mtu wa Kambi ya Simba angeweza kusema alinyang'anywa kwa Kiingereza. Sasa maneno ni yetu, na ikiwa tutaandika "isiyotumika" bila ya kuuliza inatumiwaje, na nani, na katika msimu gani, hatutakuwa na wa kumsingizia. Naiomba kazi hiyo isiachwe kwa wanasheria peke yao. Washairi, walimu, makadhi wanaozijua amana, na wazee wa mabaraza wana la kusema juu ya maana ya kukaa mahali. Sheria hizi zisomwe kwa sauti katika mkutano mkuu wa kijiji, ibara kwa ibara, kule Katesh, Dongobesh na Yaeda Chini, na wanaosikiliza waulizwe kila neno wamelielewaje. Palipo na neno ambalo wenye nchi hawajioni ndani yake, libadilishwe kabla halijapigwa muhuri.

Mgunga ule karibu na Basotu ulikuwa bado umesimama mara ya mwisho nilipopita. Chini yake palikuwa na mavi makavu ya ng'ombe na majivu ya moto wa zamani, wala hapakuwa na mtu.